Maabara bila mikono: majaribio ya sayansi angani yanavyojiendesha

Kuna jioni ambazo, muda mfupi baada ya magharibi, mtu aliyesimama Capri Point akitazama ziwa anaweza kuona nukta nyeupe ikikatiza anga la Mwanza. Haipepesi kama nyota, haina taa nyekundu za ndege, haina mlio. Ndani ya dakika chache imekwisha kutokomea. Hicho ni Kituo cha Kimataifa cha Anga, kilicho kilomita 400 hivi juu yetu, kikikimbia karibu kilomita 28,000 kwa saa. Huizunguka dunia nzima kwa saa moja na nusu tu. Ndani yake kwa kawaida mna watu 7, na majaribio ya sayansi mengi kuliko ambayo watu 7 wangeweza kuyashika kwa mikono yao.

Mama mmoja muuza dagaa wa Mwaloni, Kirumba, alipoelezwa kwamba sehemu kubwa ya majaribio hayo huendeshwa na mashine, aliuliza kwa kicheko: "Sasa kaka yangu, kama mashine inafanya yote, hao saba huko juu si wanakula bure?"

Swali lake ni zuri kuliko linavyosikika, na wahandisi wamekuwa wakilizungukia kwa zaidi ya miaka 50. Wengi wetu tunaposikia otomatiki tunafikiri mtu ameondolewa kazini. Angani haiko hivyo. Mtu hahami kazini, anahama mahali na wakati. Kazi ambayo mwanaanga angeifanya kwa mkono mwezi ujao inafanywa leo na mhandisi anayeandika programu, au inafanywa na mtafiti aliyeketi ofisini Marekani, Japani au Ujerumani akituma amri kwa redio. Fikra za binadamu zimo ndani ya jaribio, ila ziliwekwa mapema au zinatoka mbali. Tatizo ni kwamba fikra zilizowekwa mapema haziwezi kuuliza swali ambalo hakuna aliyeliwaza siku ya kuziweka.

Kabla ya mashine, kwanza tuelewe kinachofuatwa huko. Watu husema angani hakuna mvutano wa dunia. Si kweli. Kilomita 400 juu, mvutano bado ni karibu asilimia 90 ya huu unaotushika hapa. Vitu huelea kwa sababu kituo chote, pamoja na watu na vyombo vyake, kinaanguka bila kukoma, lakini kinakwenda mbele kwa kasi kubwa kiasi kwamba kila kinapoanguka dunia nayo inajipinda chini yake. Anayeanguka pamoja na nyumba yake haoni uzito wake.

Katika hali hiyo mambo ya kawaida hubadilika tabia. Hapa mwali wa mshumaa ni mrefu kwa sababu hewa ya moto hupanda na ya baridi kuingia chini yake. Kule hewa ya moto haina pa kupanda, kwa hiyo mwali huwa tufe. Povu kwenye maji halielei juu, linabaki lilipo. Mchanga kwenye chupa hautuami. Kwa mwanasayansi hii ni nafasi ya kuona jambo likiwa tupu, bila mvutano kulivuruga.

Sasa tatizo la mikono. Mwanaanga hufanya mazoezi ya mwili kama saa 2 kila siku ili mifupa na misuli visidhoofu. Analala, anakula, anatengeneza choo kilichoharibika, anapakua mizigo. Saa zinazobaki kwa sayansi ni chache na zinagombewa na watafiti wa dunia nzima. Isitoshe, mtu mwenyewe ni usumbufu. Akijisukuma ukutani kituo kinatikisika kidogo, na kutikisika huko kunatosha kuharibu vipimo nyeti, ndiyo maana baadhi ya majaribio hupangiwa muda ambao wanaanga wamelala. Jaribio safi kabisa ni lile ambalo hakuna mtu karibu nalo.

Roketi ya dakika sita

Mfano mkavu wa fikra zilizowekwa mapema ni MAIUS-1, roketi ndogo ya utafiti ya Ujerumani iliyorushwa tarehe 23 Januari 2017 kutoka Kiruna, kaskazini mwa Sweden. Haikuingia kwenye mzunguko. Ilipanda na kurudi. Muda wake wa kutokuwa na uzito ulikuwa dakika 6 hivi. Ndani yake leza na sumaku zilipooza atomu za rubidi karibu kabisa na sifuri halisi, yaani baridi ya mwisho inayowezekana, zikawa hali ya pekee ya maada ambamo atomu nyingi hutenda kama kitu kimoja. Ilikuwa mara ya kwanza hali hiyo kutengenezwa angani. Katika dakika hizo 6 mashine ilifanya majaribio 110.

Hebu fikiria mtu akijaribu kufanya hivyo kwa mkono. Haiwezekani. Hapo hakuna mjadala wa mtu au mashine, maana kazi yenyewe haipo bila mashine. Lakini pia hakuna nafasi ya kusema "subiri kidogo". Kila hatua ilikuwa imeamuliwa kabla roketi haijawashwa.

Mashine inayojirekebisha

Ratiba peke yake haitoshi kwa kitu kilicho hai. Mmea au chembe hai hubadilika, na mashine inapaswa kuona mabadiliko na kujibu. Kwa hili hatuhitaji kwenda mbali. Mashine za kutotolesha vifaranga zinazouzwa mjini hapa zinafanya kazi kwa kanuni ile ile. Kuna kihisi kinachopima joto, kuna kidhibiti kinacholinganisha kipimo hicho na nyuzi 37.5 zinazotakiwa, na kuna taa au hita inayowashwa na kuzimwa. Mota hugeuza mayai kwa saa zilizopangwa. Kwa siku 21 mfugaji anaweza kuendelea na shughuli zake, alimradi umeme upo na maji ya unyevu hayajakauka. Mzunguko huo wa pima, linganisha, rekebisha ndio moyo wa karibu kila maabara inayojiendesha angani.

Bustani kubwa ya kituo cha anga, iliyofungwa mwaka 2017, ina vihisi zaidi ya 180 vinavyopima joto, unyevu, hewa ya ukaa, mwanga na maji kwenye mizizi. Taarifa hutumwa kwa wataalamu wa Kituo cha Kennedy huko Florida, ambao hurekebisha mambo bila kumwamsha mtu. Mwaka 2021 ilikuza pilipili kwa miezi kadhaa, na wanaanga wakazila. Kwa watu wanaoishi kwa chakula cha pakiti, nadhani hilo lilikuwa tukio kubwa kuliko takwimu zote zilizotumwa chini.

Lakini kabla ya bustani hiyo kulikuwa na nyingine ndogo na rahisi zaidi, na kisa chake kinafundisha zaidi. Mwishoni mwa 2015 maua ya zinia yaliyopandwa humo yalianza kuonyesha maji kwenye majani, kisha ukungu. Maji angani hayadondoki. Hung'ang'ania jani na kulizunguka. Feni ilikuwa haipulizi vya kutosha. Ilipoongezwa kasi, baadhi ya mimea ikaelekea kukauka, na ratiba ya kumwagilia kutoka duniani ilikuwa bado inasubiri siku yake. Mwanaanga Scott Kelly akawaambia wenzake wa chini, kwa maneno ya kawaida, kwamba bustani haitunzwi kwa kalenda: mwacheni yeye atazame mmea na kuamua. Wakakubali. Wakamtumia mwongozo wa ukurasa mmoja badala ya utaratibu mrefu. Januari 2016 zinia zikachanua.

Mtu akisoma kisa hicho haraka atasema mkono umeshinda mashine. Mimi naona jambo jingine. Bustani ile haikuwa na jicho. Haikuwa na kihisi cha kujua kwamba jani lina maji juu yake, kwa sababu aliyeibuni hakutegemea maji yafike pale. Bustani kubwa iliyofuata ilipewa vihisi vingi, na kwa mambo mengi ya kila siku haimhitaji Kelly. Kila mshangao unaoonwa na mtu leo unaweza kugeuzwa kihisi kesho. Mshangao wa kesho kutwa, huo bado una mwenyewe.

Amri kutoka mbali

Kati ya ratiba iliyofungwa na mtu aliye palepale kuna njia ya katikati, ambayo ndiyo inayotumika zaidi kwenye kituo: mtafiti hubaki duniani na kutuma amri kupitia setilaiti za mawasiliano. Maabara ya atomu baridi iliyopelekwa Mei 2018, yenye ukubwa wa friji dogo, huendeshwa hivyo kutoka Pasadena, California. Wanaanga huiona tu inapohitaji kufungiwa kifaa kipya au kubadilishiwa kilichochakaa.

Kabati la majaribio ya moto nalo ni hivyo hivyo. Wanaanga hubadilisha chupa za gesi na mafuta, wanafunga mlango, basi. Kinachofuata kinaongozwa kutoka Cleveland, Ohio. Katika majaribio ya matone, sindano nyembamba zilitengeneza tone la mafuta katikati ya chumba, nyaya za moto zikaliwasha, kisha zikarudi nyuma ili zisivuruge, na kamera zikaanza kazi. Humo ndimo watafiti walipokutana na kitu cha ajabu. Matone ya heptani, aina mojawapo ya mafuta, yaliwaka, mwali ukazimika, lakini tone likaendelea kupungua kama vile bado linaungua. Na kweli lilikuwa linaungua, kwa mwali baridi usioonekana kwa macho, wenye kemia tofauti na ya moto tunaoujua. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2012, na yanawahusu wanaobuni injini zinazochoma mafuta vizuri na kutoa moshi mchache.

Mwanaanga aliyekuwa akichungulia dirishani angesema moto umezimika na kufunga jaribio. Mashine haikuwa na haraka hiyo. Iliendelea kupima kwa sababu hakuna aliyeiambia iache. Lakini aliyeuliza "mbona tone bado linapungua?" alikuwa mtu mwenye kalamu, duniani, akitazama grafu.

Swali ambalo Viking haikuweza kuuliza

Mambo hugeuka magumu chombo kinapokwenda mbali. Ishara ya redio hufika kituo cha anga upesi, lakini kwenda Mars huchukua kati ya dakika 3 na 22, kutegemea sayari ziko wapi. Huwezi kuongoza mkono wa roboti kwa ucheleweshaji huo.

Tarehe 20 Julai 1976 chombo cha Marekani, Viking 1, kilitua Mars, na Viking 2 kikafuata Septemba. Kila kimoja kilikuwa na maabara ya kutafuta uhai. Mkono ulichota udongo na kuumimina ndani. Katika jaribio moja mashine iliudondoshea udongo maji yenye virutubisho, ambavyo kaboni yake ilitiwa alama ya mionzi. Hoja ilikuwa nyepesi: kama kuna kiumbe kidogo, kitakula na kutoa gesi, na gesi yenye mionzi itaonekana. Gesi ikatoka. Udongo mwingine ukapashwa hadi nyuzi 160 ili kuua chochote kilichomo, kisha ukapewa virutubisho vile vile. Gesi haikutoka. Kwa kipimo kilichowekwa kabla ya safari, hilo lilikuwa jibu la ndiyo.

Hata hivyo kifaa kingine kwenye chombo hicho hicho, kilichopasha udongo joto ili kutafuta kemikali za kaboni, hakikuona dalili ya kaboni ya Mars yenyewe. Uhai bila kaboni? Na tone la pili la virutubisho halikuongeza gesi, wakati viumbe walio hai wangefurahia mlo wa pili. Hapo ndipo mtaalamu yeyote wa maabara, awe wa Pasadena au wa hospitali ya Bugando hapa Mwanza, angebadilisha kipimo: angejaribu kirutubisho kingine, angeongeza kemikali ya kutenganisha uwezekano mmoja na mwingine. Viking ilikuwa na ilichopakiwa tu. Ilirudia ilichojua kurudia.

Wanasayansi wengi waliamua kwamba gesi ile ilitoka kwenye kemia ya udongo, si kwenye uhai, ingawa wachache hawajakubali hadi leo. Mwaka 2008 chombo kingine, Phoenix, kilikuta kwenye udongo wa Mars chumvi iitwayo perklorati. Chumvi hiyo ikipashwa joto huunguza kemikali za kaboni. Yaani kile kifaa cha Viking cha kutafuta kaboni huenda kilikuwa kinaiharibu wakati kinaitafuta. Ilipita miaka 32 kati ya jibu na swali ambalo lingelifafanua. Sijui kisa kingine kinachoonyesha vizuri hivyo gharama ya maabara isiyo na mtu, na ieleweke kwamba Viking haikuharibika. Ilifanya kila ilichoagizwa.

Huko huko Mars, chombo cha Marekani cha InSight kilikumbana na jambo la namna hiyo. Kilibeba msumari wa Kijerumani uliotengenezwa ujigonge wenyewe hadi mita 5 chini ya ardhi kupima joto. Udongo wa pale uliganda kwa namna ambayo haikutarajiwa, ukaunyima msumari msuguano wa kushikia, na baada ya karibu miaka 2 ya majaribio kazi ikaachwa Januari 2021.

Kwa sababu hiyo vyombo vipya hupewa kiasi cha uamuzi. Curiosity, iliyotua Mars mwaka 2012, baadaye ilipewa programu inayotazama picha za mahali ilipofika, ikachagua yenyewe mwamba wa kupiga leza, bila kungoja Dunia iamke. Wanasayansi ndio wanaoamua mwamba wa namna gani unavutia. Watu wa Mwanza waliona jambo la jamii hiyo mwaka 2018, ndege isiyo na rubani ilipofanyiwa majaribio ya kupeleka dawa Ukerewe: kilomita 60 juu ya maji kwa dakika 40 hivi, ikijirusha yenyewe kwenye njia iliyopangwa, huku watu wakiisimamia. Kupaa, upepo na kutua viliachiwa mashine. Nani apewe dawa ilibaki kazi ya hospitali.

Wale saba

Tumjibu basi yule mama. Mei 2011 kituo cha anga kilifungiwa nje yake kifaa kiitwacho AMS, chenye uzito wa tani 7 na zaidi, kinachonasa chembe zinazotoka mbali angani. Kinafanya kazi usiku na mchana na hakihitaji mtu. Miaka ilivyosonga, pampu za kupoozea zikaanza kufa. Kifaa hakikuwa kimebuniwa kutengenezwa angani. Hakikuwa na sehemu ya mwanaanga kushika mkono. Kati ya Novemba 2019 na Januari 2020 Luca Parmitano na Andrew Morgan walitoka nje mara 4, wakakata mirija ya chuma kwa zana zilizobuniwa kwa kazi hiyo tu, wakaunganisha pampu mpya. AMS ikaendelea kuhesabu chembe. Watu hawakuwa wakifanya jaribio. Walikuwa mafundi wa jaribio, na hiyo ndiyo sehemu kubwa ya kazi ya mwanaanga wa leo, ingawa picha za magazeti hupenda kumwonyesha na darubini.

Afrika Mashariki imo kwenye historia hii tangu zamani. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, Wamarekani na Waitaliano walirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, wakaiita Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa mahsusi kutafuta eksirei zinazotoka angani. Otomatiki yake ilikuwa ya kizamani lakini ya akili: ilijizungusha taratibu, mara moja kila dakika 12 hivi, na kila mzunguko ukafagia ukanda wa anga. Ikakusanya orodha ya vyanzo 339, na vipimo vyake vilisaidia kushawishi watu kwamba mashimo meusi yapo kweli.

Mei 2018 Kenya ilipata setilaiti yake ya kwanza, mchemraba wa sentimita 10 kila upande, uliotolewa kutoka Kibo, sehemu ya Kijapani ya kituo cha anga. Setilaiti ya kwanza ya Uganda, jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa, ilitokea mlango huo huo Desemba 2022. Mwanaanga huweka kasha kwenye meza ya mlango wa hewa, mkono wa roboti hulitoa nje, springi husukuma mchemraba, na kuanzia hapo hakuna mkono utakaougusa tena. Kwa mwanafunzi wa elektroniki anayetaka kuanza na mchemraba wa namna hiyo, ugumu mkubwa hauko kwenye kamera wala redio. Uko kwenye kuorodhesha yanayoweza kuharibika na kuandika, kwa kila moja, mashine ifanye nini.

Kuna hatua inayokuja sasa ambayo inagusa hadi kliniki zetu. Ritonavir ni dawa inayotumika pamoja na nyingine katika matibabu ya VVU. Mwaka 1998 ilijitokeza kiwandani aina mpya ya fuwele ya dawa hiyo, isiyoyeyuka vizuri, na kapsuli zake zikalazimika kuondolewa sokoni. Molekuli ilikuwa ile ile; kilichobadilika ni namna zilivyopangana. Juni 2023 kampuni ya Varda ya Marekani ilirusha chombo kidogo cha anga kisicho na mtu, nacho pia huitwa kapsuli, ambamo kompyuta ilipasha ritonavir joto na kuipooza kwa mpangilio, ili kupata umbo jingine la fuwele pasipo mvutano kuingilia. Kazi hiyo ilikwisha mapema. Kapsuli iliendelea kuzunguka dunia kwa miezi mingi kwa sababu kibali cha kutua kilikuwa hakijatoka. Ilishuka jangwani Utah tarehe 21 Februari 2024, na wakemia walipoipima dawa wakakuta fuwele walizozikusudia zimefika salama.